Nyayo kutoka Chumbani mpaka Jikoni

Shemeji alinipigia simu Jumatatu asubuhi akaniambia kaka yangu amerudi, anatembea juu ya dari.

Kaka tulimzika miezi kumi na minne iliyopita. Jembe nililishika mwenyewe. Nikamwambia, "Shemeji, hebu kunywa chai kwanza."

"Chai nimekunywa. Lete ngazi."

Mimi ni fundi wa dari. Shule niliiacha darasa la sita nikamfuata kaka kazini, na kila ninachokijua kuhusu mbao, mabati na viumbe wanaokaa katikati yake alinifundisha yeye. Watu hudhani kazi yetu ni kupigilia misumari tu. Nusu ya kazi ni kuwatoa wapangaji: popo, nyuki, panya, na wale wanyama wembamba wanaowafuata panya. Ukifanya kazi hii miaka thelathini, unamjua aliye juu kwa kumsikiliza. Panya hukimbia, husimama, hukimbia tena. Fungo hukanyaga kama mtu aliyechoka. Nguchiro jua likizama amelala, na kupanda hakupendi.

Nyumba ya kaka ina vyumba vitatu kwa mstari: chumba cha kulala, sebule, jiko. Dari yake tuliipiga mimi na yeye miaka kumi na miwili iliyopita. Shemeji alinipokea mlangoni, akanipeleka mpaka kitandani, akaelekeza kidole juu, upande aliokuwa akilala mumewe.

"Anaanzia hapa. Anapita sebuleni. Akifika jikoni anasimama, halafu anatoka. Kila siku jua linapozama. Saa ileile aliyokuwa akiingia kuuliza kama chakula kimeiva."

"Kaka alikuwa na kilo tisini, shemeji. Angetembea hapo juu mngekuwa mnakula naye mezani."

Hakucheka. "Nusa," akasema.

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya miski. Kaka alikuwa akijipaka mafuta ya miski, yale ya kichupa kidogo, mpaka tukawa tunamtania kwamba wateja humnusa kabla hawajamwona. Mimi najua kwamba kanu, mmoja wa wale wanyama wembamba wanaowafuata panya, ana tezi chini ya mkia zinazotoa harufu ya namna hiyo, na kwamba huisugua kwenye mbao ili wengine wajue pana mwenyewe. Najua vizuri kabisa. Hata hivyo vinyweleo vya shingoni vilinisimama.

Kwenye meza ya sebuleni palikuwa na sahani mbili.

Binti yao, karani wa ofisi moja ya mjini, alikuwa ameshaambiwa habari hizo. Alinipigia mchana uleule. "Baba mdogo, mama anaongea na dari. Anaipakulia chakula! Jumamosi nakuja na sanduku. Nikikuta bado anasikia nyayo, namchukua akakae kwangu, na nyumba tunaifunga."

Shemeji alikuwa ananitazama nikiongea. Nyumba ile aliibebea maji ya kukandia saruji akiwa na mimba ya huyohuyo binti. Kule kwa binti ni ghorofa ya tatu, angekaa kwenye kiti akitazama ukuta hadi afe. Akaninong'oneza, "Mwambie siendi."

Nikasema kwenye simu, "Jumamosi hutasikia kitu. Nakuahidi."

Jioni nilinyunyiza unga juu ya boriti, mbele ya tundu lililokuwa kwenye ukingo wa paa. Asubuhi nikasoma. Nyayo ndogo za duara, kama za paka, bila alama ya kucha, maana kanu huzivuta kucha zake ndani anapotembea. Kama hujawahi kumwona, ni mnyama mrefu mwembamba mwenye madoa meusi, mkia wa pete mrefu karibu sawa na mwili wake, na uso uliochongoka. Kichwa chake kikipita mahali, mwili wote unapita. Anakula panya, ndege, mijusi, hata mende. Anaishi peke yake, ana njia yake moja, na hana makelele. Ila dari ni ngoma. Kilo mbili zikitembea juu ya mbao nyembamba, aliye chini husikia mtu.

Kazi ya kumtoa ni rahisi. Ukiona nyayo za kutoka bila za kurudi, unaziba tundu. Halafu inakuja sheria ya kaka: usiondoke. Kaa chini ya dari siku nzima ya pili, redio imezimwa, usikilize. Kanu jike huwaacha watoto ndani akienda kuwinda, na watoto hunyamaza kimya wakimngoja. Hawalii mpaka njaa iwazidi. Dume hamsaidii kwa lolote, kwa hiyo ukimfungia mama nje umeua ukoo mzima.

Nikiwa na miaka ishirini na miwili niliziba tundu kwenye nyumba ya mwalimu mmoja, nikakimbilia uwanjani kucheza mpira. Baada ya wiki kaka alinipandisha juu akaniambia niwatoe kwa mikono, mmoja mmoja. Walikuwa wanne. Tangu siku ile akaniita Mbio. Mtaa mzima unaniita Mbio, na wote wanadhani ni kwa sababu ya mpira.

Jumanne jua lilipozama nyayo zikatoka kwenye unga. Nikapigilia ubao, misumari minane. Jumatano nilitakiwa kukaa sebuleni kwa shemeji nikisikiliza. Nilikuwa na dari ya duka la mtu iliyochelewa, na mwenyewe alikuwa ananihimiza kwa simu kama mkunga. Nikajiambia huu si msimu wa kuzaa. Nikaenda dukani.

Alhamisi saa tano shemeji akapiga simu. Hakusalimu.

"Analia."

"Nani?"

"Njoo."

Nilipofika getini nilimwona kanu. Saa sita mchana, jua la utosini, mnyama ambaye watu huishi naye nyumba moja miaka mitano bila kumwona, alikuwa amekaa juu ya ukuta wa ua. Hakukimbia. Ubao wangu ulikuwa umetafunwa pembeni, na kwenye alama za meno palikuwa na damu. Alinitazama, akautazama ubao, akanitazama tena.

Ndani, shemeji alikuwa amesimama jikoni, mikono masikioni. Kilio kilikuwa chembamba, kinakatika na kuanza upya, kama mtoto mchanga aliyelia hadi akashikwa na kwikwi.

"Kaka yako hakuwahi kulia hata siku moja," alisema. "Huyo ni nani?"

"Nenda kwa jirani, shemeji. Nenda sasa hivi."

Niling'oa ubao, nikafungua kidirisha cha dari, nikaingia na tochi. Niliwakuta juu ya chumba cha kulala, palepale alipoelekeza kidole. Walikuwa wamelala ndani ya koti. Nililijua kabla sijalishika: koti la kazi la kaka, la kahawia, lililopotea siku tuliyomaliza dari ile. Mpaka anakufa alinisema kwamba nimelisahau kwenye lori. Kumbe alilivua mwenyewe kwa joto, akaliacha juu, tukalifungia.

Wawili walisogea. Wa tatu alikuwa ameingia ndani ya mkono wa koti, na alikuwa wa baridi. Macho yalikuwa yamefunguka nusu. Alitosha kwenye kiganja.

Wawili niliwaweka juu ya gunia palepale darini. Wa tatu sikuweza kumtoa kwenye mkono ule bila kumtazama tena, na kumtazama sikuweza, basi nikalikunja koti lote naye ndani yake, nikalitia kwenye mfuko wa vyombo. Nikashuka, nikaenda kujificha nyuma ya geti.

Mama aliingia. Akatoka na mmoja, amemuuma ngozi ya shingo, akapita juu ya ukuta akapotea kwenye miti ya nyuma. Akarudi, akamchukua wa pili. Kisha akarudi mara ya tatu. Hapo alikaa ndani muda mrefu. Akatoka mdomo mtupu.

Shemeji aliporudi aliniuliza, "Walikuwa wangapi?"

"Wawili. Wazima. Mama yao amewahamisha wote, dari iko tupu."

"Wawili?"

"Wawili, shemeji."

Nilimzika wa tatu kwangu, kando ya uzio. Koti lilibaki kwenye mfuko wa vyombo. Nilitaka kulifua, nikashindwa kulitia majini.

Ijumaa jioni simu ikaita. "Ametembea. Chumbani, sebuleni, jikoni. Leo amerudia mara tatu."

"Haiwezekani. Dari iko tupu."

"Basi ni nini?"

Nilijua ni nini. Nikasema, "Ni mabati yanapoa. Hulia hivyo."

Akasema polepole, "Kwa hiyo na wewe unaniona nimechanganyikiwa."

Jumamosi binti alikuja na sanduku kubwa, tupu, linagonga kila mahali. Tulikaa watatu sebuleni. Nilisali mvua inyeshe, ipige mabati, tusisikie kitu. Anga lilikuwa safi.

Jua likazama. Juu ya chumba cha kulala kitu kikakanyaga.

Hatua mbili. Kimya. Hatua nyingine, nzito kuliko nilivyotegemea hata mimi ninayejua. Zikaja juu ya vichwa vyetu, zikapita, zikafika jikoni, zikasimama. Kisha zikarudi chumbani, zikaanza upya, na harufu ya miski ikashuka kwenye nyufa za mbao.

Binti alikuwa amenishika mkono bila kujua. "Baba mdogo, si ulisema dari iko tupu?"

"Nilisema."

"Basi huyo ni nani?"

Akainuka. "Mama, simama. Hulali hapa leo. Iwe akili yako au iwe kitu kingine, hapa hulali." Akaingia chumbani, nikasikia anafungua kabati, na sanduku likifunguka zipu.

Shemeji hakusimama. Alikuwa ananitazama mimi kama yule kanu alivyonitazama juu ya ukuta. "Mbio," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo, lilikuwa jina alilonipa kaka. "Wewe unaijua hii dari. Niambie. Nikiondoka leo sirudi tena."

Nikatoka nje, nikachukua mfuko kwenye baiskeli, nikalitoa koti na kuliweka mezani, juu ya sahani ya pili.

"Walikuwa watatu," nikasema.

Binti alisimama mlangoni, gauni la mama yake mkononi.

"Niliziba bila kusikiliza. Wa tatu alikufa ndani ya hili koti, na nikakudanganya. Huyo anayetembea ni mama yake. Anamtafuta. Atatafuta siku kadhaa, kisha ataacha. Akili zako ni nzima, shemeji. Mchafu ni mimi."

Juu, hatua zilifika jikoni zikasimama.

Shemeji alilivuta koti, akalinusa kwenye kola, akalinusa kwenye mkono. Nilitegemea anitukane.

"Miezi mitatu ya mwanzo," alisema, "nilitembea hivihivi. Natoka chumbani, napita hapa, nafika jikoni, nasimama. Sijui nimefuata nini. Narudi, naanza tena." Akamgeukia binti yake. "Rudisha gauni langu kabatini."

"Mama..."

"Umesikia alivyosema baba yako mdogo. Ni mzazi anatafuta wake. Unataka nimkimbie?"

Binti akaingia chumbani. Kisha nikasikia henga za nguo zikirudi kabatini, moja moja.

"Na wewe," shemeji akaniambia, "lirudishe koti mahali pake."

"Linanuka, shemeji."

"Najua linavyonuka. Panda."

Nililirudisha asubuhi, juu ya chumba cha kulala, mkono ukiwa umekunjwa kama nilivyoukuta. Jioni tulikaa tena. Hatua zilianza, zikakoma palepale. Hatukusikia kitu kingine, isipokuwa kama mkwaruzo wa kitambaa kinachogeuzwa. Binti alikuwa ameshika kikombe, chai ikapoa. Halafu hatua zikaelekea ukingoni, zikatoka. Jikoni hazikufika.

Kanu alikuja siku nne zaidi, kila siku muda mfupi kuliko jana. Siku ya tano hakuja.

Binti alirudi mjini na sanduku lake tupu. Siku hizi huja kila mwisho wa mwezi, na nyayo haulizi. Tundu sijaliziba, shemeji alikataa. Nikipita pale siku niliyo na nafasi, nakaa chini ya dari tangu asubuhi, redio imezimwa, kama nilivyotakiwa kukaa Jumatano ile. Shemeji huniletea chai, anasimama mlangoni.

"Umesikia kitu?"

"Bado," nasema.

Anaitikia kwa kichwa, anarudi jikoni, na mimi nasikia hatua zake mpaka zinaposimama.