Sauti ya Arobaini na Saba

Kwa heshima zote, naomba kuingiza aya iliyosahauliwa katika historia ya karakana ya baba, mtengenezaji wa vinanda vya umeme. Historia rasmi imetundikwa ukutani, ndani ya fremu: jinsi alivyoanza na redio mbovu na koleo la kuazima, akaunda kinanda cha kwanza chenye sauti mbili, zote za mbu. Leo vinanda vyake vina sauti arobaini na saba.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitoa roho.

Nilirudi likizo kutoka bwenini nikakuta baba amemrekodi mdogo wangu wa kike, miaka minane, mapengo mawili, akiimba "aaa". Sauti hiyo ingewekwa katika kila kinanda kipya. Mimi, kifungua mimba, niliyemshikia tochi akilehemu nyaya tangu nikiwa chekechea, sikuombwa hata kukohoa.

"Baba, na mimi je?"

"Wewe unabalehe, mwanangu, sauti inakwaruza. Subiri itulie."

"Kama chura," mdogo wangu akachangia, bila kuulizwa.

Wivu ukanipanda. Baba alipokwenda kula, nikafuta "aaa" ya binti yake, nikarekodi yangu, nzito, yenye mikwaruzo yote. Si wanataka chura? Wapewe chura.

Saa kumi baba akawaita mama na mafundi waje kusikiliza. Nikasimama mlangoni, viatu nimevifunga vizuri, tayari kwa mbio.

"Sauti ya mtoto inapendeza huku juu," akasema, akabonyeza kibonye cha kulia kabisa.

Hapo ndipo ufundi wa baba uliponiangusha. Kinanda huchukua sauti moja, kikainyanyua ukienda kulia na kuishusha ukienda kushoto. Yangu ilinyanyuliwa mpaka ikatoka nyembamba, tamu, yenye mapengo.

"Jamani, mwanangu!" Mama akajifuta machozi. Mafundi wakapiga makofi.

Mdogo wangu alikunja uso kidogo, akanitazama, akaelewa. Kisha akainama mbele ya watu kama msanii aliyezoea majukwaa.

"Asanteni sana," akasema.

"Lakini ni mi..." Nikakumbuka mkanda wa suruali ya baba. Nikapiga makofi na mimi.

Sasa jina lake limo ndani ya fremu. Langu halimo.

Basi ukikiona kinanda chetu dukani, chagua sauti ya arobaini na saba, ubonyeze kibonye cha mwisho kushoto. Huyo ndiye mimi.