Kitambaa Chekundu cha Lufingo

Jumamosi ile nilikuwa na kamera moja, jiko la kuazima na siku tatu. Kituo kimoja cha televisheni Mbeya kilikuwa kimeniambia filamu ifike Jumanne kabla ya saa sita mchana, la sivyo nusu saa waliyonitengea wanampa mwingine. Sikuwa na la kuwalaumu. Nilikuwa nimeshaomba kusogezewa mara mbili, na mara ya tatu mtu mzima haombi, anafanya kazi.

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa sini moja, nayo ndiyo filamu yenyewe. Baba na binti yake wamegombana, hawaonani miaka mingi, ila kila jioni binti anapika na kumpelekea chakula kwa mikono ya watoto. Sura ya baba hatuioni. Tunauona mlango wake tu ukifunguka na bakuli likipokelewa. Mwishoni ndipo anapokuja mwenyewe jikoni kwa binti, anakaa, anasema, "Chakula chako kimenifikia." Binti anajibu, "Nimesikia, baba. Kaa, ule." Maneno hayo machache niliyaandika na kuyafuta kwa miezi minane.

Lazaro, niliyemwandaa awe baba, alianguka na pikipiki Kiwira siku ya Jumatano akavunjika mguu. Alhamisi nikazunguka kijiji kizima cha Lufingo nikitafuta uso. Nikamwona mzee mmoja akitegemeza mgomba uliozidiwa na mkungu, na nilipomsalimia akageuka taratibu kama mtu asiyedaiwa haraka na yeyote. Nikajua nimempata. Anaitwa Ambakisye. Nilimuuliza kama anasikia vizuri, kama anaweza kukariri, na koti lake la kanisani ni la rangi gani. Sikumuuliza wanawe wameoa wapi.

Ningejuaje? Baba yangu ni wa hapa hapa Rungwe lakini mama ni Mngoni, na sisi tulikulia Tukuyu mjini. Babu akija kututembelea, mama anakaa naye meza moja na kumcheka anavyomwaga chai. Mila nilizisikia kwa juu juu, na cha juu juu hakimfai mtu anayejiita mwongozaji wa filamu.

Basi Jumamosi, saa mbili asubuhi, mzee Ambakisye yuko kwenye jiko nililoazima Lufingo, juu ya kigoda, koti limepigwa pasi. Rafiki yangu Prisca, anayenirekodia sauti, anajaribu maiki. Imakulata akafika. Huyu ndiye binti wa filamu yangu, anayechuma chai Mpuguso, nilimsikia kwenye kwaya yao nikampenda kabla sijamwona. Alisimama mlangoni, akaona nani amekaa, akavuta kanga kichwani hadi usoni na kutoweka migombani. Na mzee, wakati huo huo, alikuwa ameshageukia ukuta.

"Imakulata!" nikapiga kelele. "Tuna siku moja tu ya kurekodi!"

Nilimkuta amechuchumaa nyuma ya mgomba, anahema.

"Dada Jeni, umenifanyia nini? Yule ni baba mkwe wangu."

"Mzee Ambakisye?"

"Jina lake mimi silitaji." Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Miaka kumi na moja niko kwenye ule ukoo. Sijawahi kumtazama usoni. Nikimwona njiani nashuka kwenye majani, yeye anapita. Chakula wanapeleka watoto. Leo unataka nikae naye jiko moja, nimwambie kaa, ule?"

Nilikuwa nimemwambia atacheza na "mzee mmoja wa Lufingo". Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi sikuuliza.

Nikarudi jikoni. Mzee alikuwa ameshafunga vifungo vya koti, bado ameuelekea ukuta. "Mwanangu, mimi naondoka," alisema. "Sikujua ni yeye. Hesima yetu siwezi kuiuza kwa kamela."

"Naomba dakika kumi, baba."

"Kumi za nini?"

Mimi nina hasira za karibu, sizifichi, na nilitamani kuipiga teke stendi ya kamera ibiringike hadi mtoni. Prisca akaninong'oneza tutafute mzee mwingine. Nikamwambia atafute yeye, na akimpata mwenye uso kama ule kabla ya saa sita, filamu ni yake. Nikakaa chini. Mbele yangu kulikuwa na mstari wa majivu niliouchora alfajiri, kutoka kigoda cha baba hadi kigoda cha binti. Huo ni mstari ambao kamera haivuki. Ikiuvuka, ukija kuunganisha picha, baba na binti wataonekana wote wanatazama upande mmoja, kama abiria wanaosubiri basi. Niliutazama mstari ule mpaka nikaanza kujicheka.

Kwa sababu kazi ya kamera moja ndiyo hiyo. Kamera moja inampiga baba peke yake, halafu unaihamisha, inampiga binti peke yake. Anayewakutanisha ni mhariri. Hata kama wangekuwa baba na mwana wa kweli wanaopendana, ningewatenga vile vile. Sababu pekee ya kuwataka jiko moja ilikuwa picha moja pana, wote wawili na moto katikati, ambayo nilikuwa nimeichora na kuibandika ukutani chumbani kwangu. Niliipenda picha ile kuliko nilivyowapenda waigizaji wangu. Nikaiacha pale pale, na iliniuma.

"Baba," nikasema, "hutakaa naye. Hutamwona. Wewe utamaliza kazi yako, utaondoka kwa njia ya juu. Ukishafika kwako ndipo yeye ataingia."

Alifikiri. "Na nitaongea na nani?"

Nilichana kipande cha skafu nyekundu ya Prisca bila kumuomba. Nikaenda migombani, nikamweleza Imakulata mpango huo akakubali, nikamkalisha kwenye ndoo yenye kimo cha kigoda, nikampima kwa ufito hadi machoni na kukata alama kwa kisu. Nikausimamisha ufito ule upande wa binti, kitambaa nikakifunga kwenye alama.

"Utaongea na hiki. Hiki ndicho binti yako."

Mzee akakitazama kitambaa kwa muda. Kisha akafungua vifungo vya koti.

Teki ya kwanza, yaani kurekodi mara ya kwanza, alinitazama mimi. Ya pili aliitazama kamera akatabasamu kama anapigwa picha ya kitambulisho. Nikamwambia, kwa sauti ya chini kuliko ninayotumia kawaida, asinitazame mimi wala mashine. Mimi sipo, Prisca hayupo. Teki ya tatu alikikazia macho kitambaa. Ukuni ukalia motoni.

"Chakula chako kimenifikia," alisema.

Nilikuwa nimeandika anyamaze hapo. Hakunyamaza.

"Miaka yote kimenifikia. Hata wiki ile tuliyomzika mama Godwin, ulipika ukiwa na homa. Watoto waliniambia. Sikuwa na namna ya kukwambia." Macho hayakutoka kwenye kitambaa, akamalizia asante sana kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo."

Prisca alinigeukia mdomo wazi. Godwin ni mume wa Imakulata. Sikusema kata. Nilisubiri mpaka mzee mwenyewe akasimama, akavaa kofia, akatuaga na kushika njia ya juu.

Nikaupiga moto picha kwa simu, ukuni mrefu uko kushoto, kikombe cha chai kimebaki nusu, ili binti akiingia kila kitu kiwe kilivyokuwa. Halafu jua likatoka. Tukuyu hii inayonyesha mpaka watu wanasahau rangi ya anga, leo jua! Uso wa mzee niliupiga chini ya mawingu. Wa binti ungewaka kama bati jipya. Tukaazima shuka jeupe kwa mwenye nyumba, tukalitundika dirishani, mwanga ukatulia.

Imakulata alipoingia, jambo la kwanza aliomba tutoe kigoda alichokalia mzee. Kwenye picha yake kigoda kisingeonekana kabisa. Nilitaka kubisha, lakini nikakitoa nje. Nikausimamisha ufito upande ule mwingine, kitambaa nikakipandisha hadi kwenye alama ya macho ya mzee, niliyoikata kabla hajaondoka.

"Sauti yake unaruhusiwa kuisikia?" nikamuuliza.

"Sauti naisikia. Sikukuu akiomba sala upande wa pili wa ukuta, naitikia amina."

"Basi nitakuchezea sauti yake tuliyoirekodi, ili umjibu."

Akakubali. Sikumwambia kwamba ndani yake kuna maneno ambayo sikuyaandika mimi. Kosa la kwanza siku ile nililifanya kwa kutojua. Hili la pili nililifanya kwa makusudi, na sitasema ningefanya vingine.

Kamera ikaanza. Prisca akabonyeza. *Chakula chako kimenifikia.* Imakulata akavuta pumzi ajibu, sauti ikaendelea. Aliposikia mama Godwin, mkono ulipanda kuvuta kanga ifunike uso, ukafika shavuni, ukasimama. Hakuvuta. Alikitazama kitambaa chekundu wazi wazi, machozi yakishuka bila kufutwa, na alikitazama hivyo hata baada ya sauti kwisha.

"Nimesikia, baba," alisema.

Sehemu ya "Kaa, ule" haikuja. Alisimama, akatoka nje ya picha. Sikumrudisha kwa teki nyingine.

Nilimkuta anaosha uso kwenye ndoo.

"Ulijua," aliniambia.

"Nilijua."

"Ungeniambia, dada."

"Ningekuambia ungeigiza."

Alinikasirikia, na alikuwa na haki. Alijifuta uso kwa pindo la kanga, akasema polepole, "Mimi nilidhani hajui kama nilikuwa naumwa. Miaka yote hii nilidhani ni bakuli tu linapokelewa." Akachukua mkoba wake, akaelekea barabarani bila kuniaga.

Jumapili na Jumatatu sikutoka mezani. Jina la Godwin lilikuwa mfupa kooni. Kwenye filamu yangu hakuna Godwin. Nikafanya hivi: sauti ya baba ikaendelea, picha nikaihamishia kwenye uso wa binti, na wakati mtazamaji anautazama uso ule nikalikata jina, likabaki "tuliyomzika mama". Hakuna sikio lililojua. Jumanne saa nne na nusu nilikuwa Mbeya mlangoni kwao. Bwana aliyenipokea aliiangalia hadi mwisho, akaniuliza ile sini ya jikoni nilitumia kamera ngapi.

"Moja," nikamwambia.

"Haiwezekani. Wanatazamana hawa."

Nilijisikia vizuri, siwezi kudanganya. Waliionyesha Jumapili iliyofuata, mchana. Imakulata hakunipigia. Mzee naye hakunipigia. Nikajiambia filamu imefika, na wengine wanipende au wasinipende.

Wiki mbili baadaye nilipanda Lufingo kumrudishia mwenye nyumba shuka lake. Ilikuwa asubuhi, imetoka kunyesha. Kwenye ile njia nyembamba kati ya migomba nilimwona Imakulata mbele yangu, amejitwisha ndizi, na kwa mbali mzee Ambakisye anateremka na fimbo. Mimi nikasimama. Imakulata akafanya alivyofanya siku zote: akavuta kanga, akashuka kwenye majani, akaipa njia mgongo.

Mzee alifika pale, na badala ya kupita akasimama. Hakugeuka upande wa majani. Alichagua mgomba ulio mbele yake, akautazama mahali pamoja tu, kwa kimo cha macho ya mtu aliyekaa, kama nilivyomfundisha.

"Chakula cha jana kimenifikia," aliuambia mgomba. "Ndaga fijo."

Majani hayakutikisika. Niliona kisogo cha Imakulata kikiinuka kidogo chini ya mzigo, naye akautazama mgomba wa upande wake.

"Nimesikia, baba," alisema. "Leo nitapika maharage."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuteremka. Aliponifikia akanisalimia kama kawaida. Kamera ilikuwa begani mwangu, na niliiacha huko huko.