Moyo wa Winrose

Hakuna aliyewahi kumpelekea Chepngeno chupa ya chai. Na angepelekewa ya nini, mtu mzima mwenye nguvu zake? Lakini kwa Winrose, mke wa shemeji yake, mwenye ugonjwa wa moyo, wamama wa kanisa walipanda mlima kila Jumatano hadi kwao Mau Narok, na chupa za chai, mikate na nyimbo. Mama mkwe naye alimchemshia supu. Winrose asishike jembe! Winrose asiinue gunia! Na viazi vilichimbwa na nani, jamani? Chepngeno.

Alimwonea Winrose wivu. Wala hakuuficha, alibwaga sufuria chini mpaka kuku wakatimua mbio.

Kisha moyo wake mwenyewe ukaanza vituko. Akiinama shambani, unaruka. Akilala, unanyamaza kidogo, halafu pu! Aliogopa kufa, aliogopa kweli, na katikati ya woga huo, Mungu amsamehe, alifurahi. Sasa watamjua.

"Hata wewe?" mama mkwe akauliza alipoambiwa, akikoroga supu bila kugeuka. "Basi nenda Nakuru wakupime."

Daktari alimbandika nyaya kifuani, akamuuliza analala vipi, anawaza nini. "Moyo wako ni mzima, mama," akasema. "Ni mawazo tu yanayoufanya uruke." Chepngeno alitoka pale machozi yakimlengalenga, na hayakuwa ya furaha.

Aliporudi, sebule ilikuwa imejaa wamama. Wote wakamgeukia.

"Wamesema nini?" mama mkwe akauliza.

Angeweza kudanganya. Neno moja tu, na chai yote ingehamia upande wake. Lakini uongo wa ugonjwa huita ugonjwa, akaogopa.

"Wamesema niko sawa."

"Bwana asifiwe!" wakaitikia, wakarudia mikate yao. Hata kikombe hawakumsogezea.

Winrose peke yake hakuitikia. Alimfuata jikoni polepole, akihema.

"Walisema hivyo? Uko sawa kabisa?"

"Kabisa."

"Hebu nisikie."

Kabla Chepngeno hajajibu, Winrose alimwekea sikio kifuani. Akasikiliza, akasikiliza, macho ameyafumba. Moyo ulipiga vizuri tu, bila kuruka hata mara moja, mjinga ule. Winrose alipoinuka, Chepngeno aliutambua uso ule. Ni uso aliouvaa yeye mwenyewe mwaka mzima.

"Siku zingine nakuchukia, dada," Winrose akasema, akatoka.

Chepngeno akabaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi.