Mvua ya Choroko

Mchezo wa redio wa Jumamosi mchana ulikuwa haupiti bila mvua. Ikianza tu, binti na mama yake walikuwa wakisogeleana kitandani na kujifunika shuka, hata kama nje jua linachoma utosi. Ndiyo maana, ukubwani, binti alipopata kazi kwenye kituo hicho hicho cha redio, msaidizi wa fundi wa sauti, alikwenda siku ya kwanza moyo ukimdunda kama anayekwenda kuonyeshwa mbingu.

Haya, akaonyeshwa sinia la bati na choroko kavu.

"Ndiyo hii," alisema fundi, mzee ambaye kila mtu pale alimwita Radi. Aliliinamisha sinia, choroko zikateleza, mvua ikanyesha. Ngurumo ilikuwa kipande cha bati kinachotikiswa. Farasi walikuwa vifuu viwili vinavyogongwa mezani.

Binti alijikaza asilie. "Kumbe mmetudanganya miaka yote?"

"Miaka yote," alijibu Radi bila haya. "Waingereza wana neno lao la hali hiyo, disillusioned. Mtu katolewa kwenye ndoto aliyokuwa akiipenda, sasa hana hamu na chochote. Nimewaona wengi humu. Wengine hawarudi kesho yake."

Binti naye alikuwa na nia hiyo hiyo ya kutorudi. Jioni alifika nyumbani kanuna, na mama alipomwambia, "Usinieleze wanafanyaje, mwanangu, niachie mvua yangu," hasira zikamzidi, akaropoka yote: choroko, sinia, bati, vifuu. Mama alinyanyuka akaizima redio, na wiki nzima haikuwashwa. Mwanamke yule hakuwa na starehe nyingine duniani, na mtu wa kumnyang'anya alikuwa binti yake wa kumzaa. Ilimuuma binti kweli. Hata kazini aliendelea kwenda kwa sababu tu hakuweza kukaa nyumbani kwenye ukimya ule.

Jumamosi Radi akashikwa na mafua, na mafua hayana adabu mbele ya maikrofoni. Mchezo ulikuwa unakwenda hewani moja kwa moja. Akamkabidhi binti sinia. "Usizimwage. Ziache zije zenyewe."

Binti akaliinamisha sinia. Choroko moja ikabingirika, ya pili, kisha zote. Na ajabu ni hii: alikuwa anaziona kwa macho yake, za kijani, zile zile za sokoni, na bado mwili ulimsisimka, harufu ya udongo uliolowa ikamjia puani. Mwigizaji mmoja alijikunyata, akainua kola ya shati. Wote mle chumbani walikuwa wanaliona sinia, na wote walinyeshewa. Binti alisahau kupumua. Hakujua kitu kidogo hivyo kinaweza kuwa kikubwa hivyo, tena mikononi mwake mwenyewe.

Alirudi nyumbani jua likiwaka. Kamba ya nguo uani ilikuwa tupu. Ndani, nguo zilikuwa zimerundikwa kitandani, mbichi, zinachuruzika maji. Mama alikaa pembeni mwa rundo, redio inaongea, macho chini kama mtu aliyefumaniwa.

"Choroko, siyo?" aliuliza mama.

"Choroko, mama."

"Nilijua. Nilikuwa najisemea kabisa, hizo ni choroko za mwanangu." Akalitazama lile rundo. "Nilipozinduka nilikuwa uani, nimeshaanua zote."