Msimamizi Haulizwi

Ofisini kwetu tuko wawili: mimi, na mwenzangu niliyembatiza Mama Kibali, kwa sababu hawezi hata kufungua dirisha kabla ya kuuliza kama inaruhusiwa. Yeye huniita Mheshimiwa. Tunatengeneza programu moja tu, ya watu waliopoteza sauti: mtu anaandika, kompyuta inasema. Mama Kibali anaandika programu yenyewe, mimi naifunga kuwa kifurushi, yaani lile faili moja ambalo mteja akilibonyeza, programu inajipanga kwenye kompyuta yake.

Uheshimiwa wangu ulitokana na tabia moja. Kompyuta yetu ya kazi ina watumiaji wa kawaida, kila mmoja na chumba chake, na ina msimamizi, ambaye hana mlango unaomzuia. Vifurushi vinatakiwa kujengwa na mtumiaji wa kawaida. Mimi nilikuwa naingia kama msimamizi asubuhi na kutoka jioni, maana nilichoka kuambiwa na mashine, "Huna ruhusa." Mtu mzima na ndevu zangu, nikatazwe na bati?

"Siku moja utafuta kitu," Mama Kibali aliniambia, na si mara moja.

"Najua ninachofanya."

"Sijasema hujui. Nimesema utafuta."

Sikio la kufa halisikii dawa.

Kisha shangazi yangu akaugua koo. Huyu ni dada wa baba, ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita. Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, na sauti yake ilifika mwisho wa uwanja bila yeye kupiga kelele. Madaktari walisema atapigwa mionzi, na isipofaa watamfanyia upasuaji ambao ungeondoa sauti kabisa. Kabla mionzi haijaanza nikakaa naye chumbani kwake wiki sita, godoro tumelisimamisha dirishani kuzuia makelele, akanisomea sentensi elfu moja na mia mbili. Kutokana na hizo programu yetu ingeweza kusema lolote atakaloandika, kwa sauti yake mwenyewe. Katikati ya sentensi moja kuhusu mbuzi na ngazi alicheka mpaka akashika mbavu, nami sikuikata ile.

Mionzi haikufaa. Iliacha uvimbe pale pale na kuikwaruza sauti, ikawa kama mtu anayeburuta kiti sakafuni. Hatukuwa na wasiwasi, kwa sababu sauti nzuri tulishaiweka. Niliiweka kwenye folda niliyoiita "sauti," palepale kwenye mzizi wa kompyuta ya kazi, yaani pale diski inapoanzia, nje ya vyumba vya watumiaji wote. Mtumiaji wa kawaida hawezi kuweka kitu pale. Mimi niliweza, basi nikaweka.

Jumatatu saa nne asubuhi, siku tatu kabla ya upasuaji, nilikuwa najenga kifurushi chake. Faili langu la maagizo huanza kwa kufanya usafi: futa folda ya sauti iliyomo ndani ya folda ya majaribio. Asubuhi ile nilikuwa nimebadilisha jina la folda ya majaribio juu ya faili, nikasahau kulibadilisha chini. Mashine ilipofika kwenye agizo la kufuta ikatafuta jina, ikakuta patupu, ikabakiwa na neno "sauti" peke yake, ikaenda kufuta folda ya sauti iliyokuwa kwenye mzizi. Ilichukua muda wa mwayo mmoja.

Nakala za akiba tunazo, kila siku, za vyumba vya watumiaji. Folda yangu haikuwa ndani ya chumba chochote. Nilimpigia simu fundi anayeokoa data, akaniambia kwa upole kwamba diski za aina ile hujisafisha zenyewe, nisimpotezee wala nisijipotezee muda. Mama Kibali alisoma skrini, akavuta kiti, akakaa. Hakusema "nilikwambia." Afadhali angesema.

"Nenda kamwambie mwenyewe," alisema. "Usimpigie simu."

Nilimkuta shangazi anakunja nguo na kuzipanga kwenye begi la hospitali. Nilisimama mlangoni nikamwambia zimefutika.

"Zote?" aliuliza, kwa sauti ile ya kukwaruza.

"Zote, shangazi."

"Hata ile niliyocheka?"

"Hata hiyo."

Alikunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja tena. Nikaanza kumweleza habari za faili na jina na patupu. Aliniacha nimalize, kama alivyokuwa akiwaacha watoto wa darasa la kwanza wamalize kusema nani kaanza kumpiga nani.

"Na hiyo mashine haikukuuliza kwanza?"

"Ningekuwa mtumiaji wa kawaida ingekataa. Nilikuwa nimeingia kama msimamizi. Msimamizi haulizwi."

"Nani alikupa usimamizi?"

"Nilijipa."

Alinitazama. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwangu alikuwa yeye, mbele yangu, na begi lake. Niliona haya hadi nikatamani anipige.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu," alisema mwishowe. "Leo Jumatatu. Lete maikrofoni."

"Lakini sauti yako sasa..."

"Ndiyo niliyobaki nayo. Simamisha godoro."

Tulirekodi siku ile na Jumanne yote. Alikuwa akisoma sentensi tatu, anakunywa maji, anapumzika. Ile ya mbuzi na ngazi tuliirudia, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Zilipofika mia moja na arobaini akainua mkono, akafumba macho, nikajua basi.

Jumatano nilikwenda kujenga kifurushi. Mama Kibali alikuwa amebadilisha nenosiri la msimamizi na kunifungulia chumba cha kawaida, na folda mpya ya sauti ameitunza kwa nakala tatu. Sikubisha. Niliendesha maagizo yangu kwa haraka ile ile, bila kuyasahihisha, maana tangu Jumatatu sikuwa nimelala vizuri na akili haikuwa nyumbani. Mashine ikafika kwenye lile agizo la kufuta, ikakuta patupu pale pale, ikaelekea kwenye mzizi, ikasimama. Ikaandika mstari mmoja mwekundu: Huna ruhusa.

Basi. Hakikufutika kitu. Nilirekebisha jina kwa sekunde kumi nikaendelea.

"Imekataa nini?" Mama Kibali aliuliza kutoka mezani kwake.

"Kile cha Jumatatu."

Akainuka kwenda kuchemsha chai, ingawa saa ya chai ilikuwa bado.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya nane shangazi aliweza kukaa kitandani, nikamwekea tableti magotini, kifurushi chetu kimo ndani. Aliandika kwa kidole kimoja, taratibu. "Maji," ikasema tableti. Halafu, "Asante." Ilikuwa sauti ile ya Jumanne jioni, iliyochoka, inayokwaruza, na nilijua kwamba kuanzia siku hiyo kila simu, kila salamu, kila atakapomkaripia mtu, itakuwa ni hiyo.

Muuguzi aliyemshikia glasi alikuwa mgeni wadi ile. Alifurahi kweli.

"Kumbe hii ni sauti yako mwenyewe, Mwalimu? Ndivyo ulivyokuwa unaongea siku zote?"

Shangazi alinitazama mimi, niliyekuwa naizungusha chaja mkononi, nikisubiri kuambiwa mbele ya mtu kile nilichofanya. Kisha akainamia tableti.

"Siku zote," ikasema.

Nilitoka hadi koridoni nikalia. Shangazi hakuwahi kumdanganya mtu kwa ajili yangu, hata nilipokuwa mtoto, na sasa kwa sauti ile niliyomwachia alikuwa amenisitiri.