Mgeni Niliyemshikia Mlango

Kwetu Hesselbeck, mji mdogo wa Uingereza, ukimwachia mtu mlango umgonge usoni, habari itafika sokoni kabla yako. Mlango hushikiliwa. Hata kama aliye nyuma yako yuko hatua ishirini, unasimama umeushika mpaka aone haya, aanze kukimbia, na akifika mnaombana radhi wote wawili bila sababu. Mama yangu alinilea hivyo, na mama yake alimlea hivyo. Basi nisichekwe kwa nililolifanya. Au nichekwe tu, sijali tena.

Naitwa Noreen Entwistle. Nimekaa mapokezi ya Shule ya Msingi ya Tanner Street miaka ishirini na miwili, na mlango wa shule ndio kazi yangu. Mgeni anabonyeza kengele, namtazama kupitia kioo, namuuliza jina, anaandika kwenye daftari, namvisha kitambulisho cha utepe mwekundu, ndipo anaingia. Nimewahi kumweka diwani nje mpaka akaenda kutafuta leseni yake ya udereva. Sina mchezo na kazi yangu, na mji mzima unajua.

Ila asubuhi ile ya Novemba mimi mwenyewe nilikuwa nje. Maziwa ya chai ya walimu yalikuwa yamekwisha, nikatoka mbio dukani, na mvua ilikuwa ile yetu ya kupiga kwa ubavu. Nafungua mlango kwa ufunguo wangu, nasikia viatu nyuma. Mwanamke wa makamo, koti la kijivu, amelikumbatia faili lisilowe, nywele zimemganda kwenye paji la uso.

"Pita, dada, utaugua bure," nikamwambia. Nilidhani ni mwalimu wa kushikiza, maana wawili wetu walikuwa na mafua.

"Asante sana," akasema. "Una moyo mzuri."

Nikaenda kuweka maziwa kwenye friji.

Alikuwa mkaguzi. Wakaguzi hawakupiga simu, walikuja ghafla. Alipita ukumbini peke yake, akasimama mlangoni mwa darasa la watoto wa miaka sita dakika nne nzima kabla ya mtu kumuuliza yeye ni nani. Ripoti ilipokuja nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa. Masomo, vizuri. Tabia za watoto, vizuri sana. Usalama wa watoto, haufai: mgeni asiyejulikana aliweza kuwafikia. Na hapo pakiandikwa haufai, shule nzima haifai, na shule isiyofaa inaondolewa mikononi mwa halmashauri ya mji na kukabidhiwa shirika. Inakuwa akademi. Shirika letu liliitwa Brightfell. Lilikuwa na shule thelathini na moja, ofisi yake mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na katika shule zote hizo hapakuwa na hata moja iliyobaki na mkuu wake wa zamani.

Mkuu wetu alikuwa Ruth Ormerod. Miaka kumi na tisa. Mwanamke wa sauti ya chini, anayekula sandwichi yake uwanjani amesimama katikati ya watoto, ambaye mume wangu alipofariki alikuja kwangu Jumapili tatu mfululizo kunifulia nguo bila kunipa hata neno moja la ushauri. Wakaguzi walipomuuliza jina la yule aliyefungua mlango, alijibu, "Mkuu ni mimi. Kila mlango hapa ni wangu." Hakuja kuniuliza. Na mimi nikajifanya hamnazo. Nilinyamaza miezi mitano, Mungu anisamehe.

Miezi hiyo mitano mji ulipigana. Aliyetuongoza ni Farzana Iqbal, muuza vitambaa sokoni, mama wa watoto wawili pale shuleni, mdomo wake hauna breki. Kila asubuhi alinipitishia karatasi za sahihi dirishani.

"Weka kalamu hapo, Noreen. Asipite mtu hajasaini."

"Na akiwa na haraka?"

"Basi asaini haraka."

Tulipata sahihi elfu moja na mia nne, na hawa ni watu ambao hawajawahi kukubaliana hata siku ya kutoa taka. Tukaandamana mpaka ofisi za halmashauri. Wamethodisti walioka pai, akina mama wa msikitini wakakaanga sambusa, mbunge akaja kupiga picha katikati akaondoka na sambusa mbili. Mimi nilibeba bango: TANNER STREET NI YETU. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nililila langu pamoja nao, kwa chatne.

Mkutano ulifanyika Aprili, ukumbi wa Wamethodisti, viti havikutosha. Brightfell walimleta Bwana Julian Prewett, kijana wa suti ya buluu, mpole kama daktari wa meno. Alituonyesha picha za watoto wanaocheka, wa shule nyingine. Farzana akasimama.

"Tukikataa sisi sote humu ndani, inakuwaje?"

"Tumekuja kusikiliza maoni yenu, mama."

"Hilo nimelisikia. Nimeuliza tukikataa."

Prewett akatazama karatasi zake. "Amri imeshasainiwa, mama. Tangu Januari. Leo tunazungumzia namna ya kuvuka pamoja."

"Kwa hiyo mmetuita tuchague rangi ya sweta za shule."

"Sweta ni mojawapo ya mambo tunayokaribisha maoni, ndiyo."

Watu walicheka, kicheko kikakatika chenyewe. Ruth alikuwa safu ya mbele, mikono mapajani. Nilimtazama kisogo chake, nikaona nywele zilivyomnyonyoka tangu Novemba, na roho yangu haikuweza tena. Nikasimama.

"Mlango niliufungua mimi," nikasema. "Si Ruth. Mvua ilikuwa inanyesha, nikamshikia yule mama mlango, sikumuuliza jina. Kosa ni la mtu mmoja. Nifukuzeni mimi, muiache shule, na yeye mumwache."

Kule nyuma birika la chai lilikuwa linachemka. Ruth hakugeuka. Nilikuwa nimengoja siku hiyo kwa hofu kubwa, nikijua nitatemewa mate, lakini moyoni nilikuwa nimeamini jambo moja: nikisema tu, kitu kitabadilika.

"Asante sana kwa kuwa muwazi," alisema Prewett. "Tutaliandika." Akaliandika kweli. Kisha akauliza kama kuna swali jingine.

Nje, Farzana alinishika mkono kwa nguvu. "Miezi mitano, Noreen. Nimesimama dirishani kwako kila asubuhi, unanikopesha kalamu, kumbe."

"Najua."

"Hujui. Nina hasira natamani kukuzaba kibao." Akaniachia, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na mimi ningemfungulia. Ndicho kinachoniuma. Mtu yeyote mji huu angemfungulia."

Mwezi Juni ukaja muhtasari wa maoni yetu, kurasa tisa zenye picha. Sahihi elfu moja na mia nne zilihesabiwa kuwa barua moja, kwa kuwa zilikuja katika bahasha moja. Nilitafuta maneno yangu nikayapata ukurasa wa saba: "Jamii imeeleza wasiwasi kuhusu udhaifu wa mlango mkuu. Brightfell itaweka mlango mpya wa kisasa." Nilisoma hayo mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma barua yoyote ya mume wangu. Nilikuwa nimeomba wanifukuze, wakaniletea mlango.

Julai, wazazi waliandikiwa kwamba Bi Ormerod ameamua kupumzika. Hakuwa ameamua. Mimi nilibakizwa, kwa sababu ninajua majina ya watoto wote na nani ana mzio wa karanga.

Mlango mpya una vioo viwili, kamera, spika na mashine mezani kwangu. Mgeni anasimama nje, mimi naandika jina lake na jina la anayemjia, mashine inakubali au inakataa. Kitufe cha kufungua ninacho, ila kila ninapokibonyeza bila mashine kukubali, ofisi kuu wanaona jina langu na saa. Mara moja tu, na kazi huna. Hakuna mara ya pili.

Ruth alikuja wiki ya pili ya Septemba, kuchukua sanduku lake. Kikombe cha udongo walichomfinyangia watoto, picha, ua la kwenye chungu. Nilikuwa nimevitunza chini ya meza yangu. Mvua ilikuwa imeanza, ile ile ya ubavu. Hakuwa na mwavuli.

"Habari za asubuhi, Noreen," spika ikasema kwa sauti yake.

"Nzuri, Ruth. Ngoja kidogo."

Nikaandika Ruth Ormerod. Pa anayemjia nikaacha wazi, mashine ikakataa. Nikaandika jina la mkuu mpya, ikasema hana miadi naye. Nikaandika langu. Ikasema mtu huyu hapokei wageni. Nilikuwa nimeshampigia mkuu mpya mara mbili, yuko kwenye kikao, simu imezimwa. Kutoka mezani wakati watoto wako ndani siruhusiwi, hiyo nayo iko kwenye mkataba.

Nilimtazama kwenye kioo, maji yakimtiririka shingoni. Nikapeleka kidole kwenye kitufe. Aliniona.

"Usibonyeze," akasema. "Umebakiza miaka minne ufike pensheni."

"Ruth, mimi ndiye niliye..."

"Nilijua siku ile ile. Maziwa mapya yalikuwa kwenye friji, na koti lako lilikuwa linachuruzika maji." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Sikukulaumu hata dakika moja. Sasa fanya kazi yako, Noreen. Nitarudi siku nyingine."

Ningebonyeza. Kila usiku tangu hapo nabonyeza. Lakini asubuhi ile kidole kilikaa juu ya kitufe, kikakaa, na nilipokiondoa yeye alikuwa amefika kwenye geti, ameinamisha kichwa, anatembea polepole kama mtu asiyetaka kuonekana anakimbia mvua.

Hajarudi, nami sina uso wa kumpelekea; sanduku bado liko chini ya meza yangu. Lile ua nalinywesha Jumatatu na Alhamisi.