Gauni Lenye Mikanda Mirefu

Maneno yalimfikia akiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Kwenye kiwanda cha mikate yeye alikuwa mkata madonge, na aliyemletea maneno ni mfungaji wa mikate, mama mmoja ambaye hata tanuri likipoa, mdomo wake haupoi.

"Shoga, mimi simo," mfungaji alianza, na ukisikia mtu anasema hayumo, ujue yumo mpaka shingoni. "Lakini nasikia wakwe zako wanasema wajukuu wao wanavaa kama watoto wa kuokotwa. Wanakuja kuwachukua."

"Nani kakwambia?"

"Si nimesikia tu! Mimi simo."

Tangu hapo madonge yakawa hayalingani, moja kubwa, moja dogo, mpaka msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Haumwi. Ila yale maneno yalikuwa yamemganda kama unga mbichi kwenye vidole. Akiyakung'uta huku, yanashika kule. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, leo yuko nyumbani, kesho hujui yuko nchi gani. Mabinti zake wawili, mkubwa wa darasa la pili na mdogo ambaye hajaanza shule, ndio waliokuwa dunia yake. Wakichukuliwa hao, arudi kwenye chumba kile kufanya nini?

Na kibaya zaidi, nguo zenyewe alizijua. Sare ya mkubwa ilikuwa imepauka viwikoni. Sketi ya mdogo ilikuwa ya dada yake, inafagia sakafu. Alizishona mwenyewe kila zilipochanika, ingawa kushona hakujaaliwa. Nyuzi zake zilikwenda kombo kama siafu waliomwagiwa maji.

Basi akafanya kile anachofanya mtu mwenye hofu. Alikwenda dukani akanunua gauni. Gauni la waridi, lina marinda, na kiunoni lina mikanda miwili ya kufunga nyuma kama kipepeo. Ukiifungua, inamfika mtoto kwenye vifundo vya miguu. Mkubwa angelivaa siku ya kupigwa picha shuleni.

"Waje sasa," alijisemea. "Waone."

Wakaja kweli, siku moja kabla ya picha. Bibi mbele, babu nyuma na begi kubwa. Begi lenyewe babu alilibeba kwa vidole viwili. Mama aliliona, akajua ni tupu, limekuja kujazwa.

Bibi hata chai hakuimaliza. "Mwanangu, niletee nguo za wajukuu zangu. Zote."

"Zote, mama?"

"Mpaka za kulalia."

Zikamwagwa mkekani. Bibi akawa anashika moja moja, anaigeuza ndani nje, anapitisha kidole gumba juu ya mshono, anaiweka pembeni. Kila nguo iliyowekwa pembeni, mama aliona kama mtoto wake anafungashwa.

"Wewe mke mwenzangu, simama hapa," bibi alimwambia mdogo. "Sketi hii unaivaa au unapigia deki?"

Mdogo akacheka. Mama hakucheka.

Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alikuwa fundi baiskeli tangu ujana wake, na kucha zake zilikuwa na weusi wa grisi ambao sabuni ilishaukatia tamaa. Gauni la waridi lilipotolewa, akanyoosha mkono, akaukamata mkanda, akauvuta mpaka ukaisha.

"Huu unakwenda wapi?"

"Ni wa kufunga nyuma, baba," mama alisema.

"Naona wa kufungia mbuzi. Shuleni anakwenda na nini huyu?"

"Na pikipiki."

"Mama watoto," babu akamgeukia mkewe, "hebu nipe mkasi."

Mama alisimama kabla hajajua kwamba amesimama. "Baba, naomba mkasi ukae mbali. Hilo gauni ni la mtoto *wangu*."

Ile "wangu" ilitoka kwa sauti ambayo hata yeye hakuitegemea. Mdogo akaacha kucheka. Bibi akamtazama mkwewe, kisha akamnyang'anya mzee wake mkanda.

"Mzee, hapa hujaitwa. Rudi kwenye kigoda chako." Akalikunja gauni vizuri, akaliweka mapajani. "Mwanangu, halikatwi. Nitalipiga pasi tu, mtoto apendeze."

Asubuhi gauni lilikuwa linameta. Mama akafunga mikanda kwa nguvu, kipepeo kikakaa mgongoni, akaita pikipiki ya kijana waliyembandika jina la Polepole, kwa sababu abiria wenye haraka walimkimbia. Mtoto akakaa katikati, mama nyuma. Mdogo akabaki na babu yake.

Sasa mtoto ni mtoto. Njiani alitaka kukigusa kipepeo chake, akapeleka mkono nyuma, akavuta. Fundo likalegea. Walipokata kona ya pale wanapouza mbao, upepo ukaikamata mikanda, ikashuka pembeni.

Mama alichohisi ni mtoto kuvutwa chini ghafla. Akamkumbatia mbavu kwa mikono yote miwili, akapiga kelele mpaka wauza mbao wakadhani pikipiki imegonga. Kukasikika *krrrp*. Kisha hakuna kinachovuta tena.

Polepole alikuwa ameshakanyaga breki, miguu chini. "Mtoto! Mtoto mzima?"

"Mkanda wangu!" mkubwa alilia. "Umeliwa!"

Ilikuwa imeliwa kweli, yote miwili, imejisokota kwenye gurudumu la nyuma na mnyororo, myeusi kwa mafuta. Polepole aliichomoa kidogo kidogo. "Mama, kuna mtoto niliwahi kumuona..." Akamtazama msichana, akameza maneno. "Basi tu. Kama hii ingekataa kutoka, tusingekuwa tunaongea hapa."

Mama akamgeuza mwanawe. Hana hata mchubuko. Akatazama kiunoni pa gauni, pale mikanda ilipokuwa imeshonewa, akitegemea kuona kitambaa kimechanika. Hakijachanika. Mikanda ilikuwa imechomoka safi, na palipobaki paliningʼinia uzi mweupe, mrefu, wa hatua pana pana.

Uzi wa dukani ulikuwa wa waridi, wa mashine.

Walimalizia njia kwa miguu, mkono kwa mkono. Mtoto akapigwa picha bila mkanda, akicheka na pengo lake, wala hakuna aliyejua kuna kilichopungua. Mama akarudi nyumbani na ule uchafu wa kitambaa mkononi.

Bibi alipouona alikaa chini palepale. "Yuko wapi?"

"Shuleni, mama. Mzima. Mzima kabisa."

Babu akavua kofia, akajifunika nayo uso.

"Nilisema nitapiga pasi," bibi alisema taratibu, "na pasi nilipiga. Sikusema sitafanya jingine. Mzee huyu hakunipa usingizi. Kila nikigeuka, 'fumua mikanda, ipige bandi.' Nikaifumua, nikaishikiza kwa bandi, zile hatua ndefu za kushikiza kitambaa kabla hujakishona. Ili ikivutwa, ikubali."

"Gurudumu halisikii samahani," babu alisema. "Nimechomoa kwenye minyororo mitandio, kamba za viatu, na siku moja nywele za mtu, mwenyewe amezishikilia upande wa pili."

Mama alitaka kucheka, kikatoka kilio. Alilia kwa kwikwi, na katikati ya kwikwi likamtoka lile lililokuwa likimla. "Mama, niambie kweli. Mmekuja kuwachukua watoto wangu?"

Mfungaji wa mikate hakuwa amedanganya.

"Tulisema hivyo," bibi akajibu. "Mume wako alituletea picha, mmoja sare imepauka viwiko, mwingine anaburuza sketi. Nikasema mama yao amewachoka, nikawachukue mimi. Begi tulikuja nalo kwa kazi hiyo."

"Na sasa?"

Bibi akavuta nguo moja kutoka kwenye rundo, akaigeuza, akamwonyesha mshono wake mwenyewe, ule wa siafu. "Sijaona mshono mbaya kama huu tangu nizaliwe. Lakini umeshonwa mara ngapi hapa? Ukakatika, ukashona tena, ukakatika, ukashona. Na nguo zote zinanuka sabuni. Aliyewachoka watoto hajitoboi vidole hivi. Wewe hukuchoka, mwanangu. Hukufundishwa tu. Watoto wanabaki na mama yao."

"Na mimi nikae wapi?" babu akauliza. "Maana mama watoto hapa haondoki mpaka afundishe."

"Kaa kwenye kigoda chako."

Walikaa mpaka mwezi mwingine ukaandama. Mama akajifunza kupinda, kutia kiraka na kukaza mshono, na bibi akimkemea kwa mshono uliokwenda kombo, alishukuru. Anashukuru mpaka leo. Anamshukuru mzee ambaye hakumwacha mkewe alale, na bibi aliyekubali kulaumiwa kuliko kuiacha mikanda ilivyo. Anamshukuru Polepole kwa kutokuwa na haraka. Humshukuru na mfungaji wa mikate, lakini kidogo, asije akavimba kichwa.

Wenye watoto wenzake akiwaona getini mwa shule, huwaambia waepuke haya:

Kumpandisha mtoto pikipiki au baiskeli akiwa na mkanda, mtandio au kamba inayoning'inia. Hata kama imefungwa. Mtoto hufungua.

Koti lenye kamba shingoni, akienda kwenye bembea.

Sketi ya dada mtu kabla hujaipinda.

Kiatu chenye kamba ndefu, hasa upande wa mnyororo.

Kununua nguo ya mtoto kwa ajili ya macho ya watu wengine.

Kumnyima bibi nguo za wajukuu akitaka kuzikagua.

Kukaa na maneno ya kusikia bila kumuuliza mwenyewe.